Ruhusa ya Mama Hawa

Mwaka huu tumemzika Mama Hawa, na siku ya tatu ya matanga msichana mmoja aliyekuwa akigawa sahani za pilau alisimama mbele yangu akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Hakuuliza kwa ubaya. Sahani za wageni zilikuwa upande mmoja na za ndugu upande mwingine, na kama ilivyo desturi kwetu Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, mgeni hupewa nyama na ndugu hupewa wali. Nilimwambia mimi ni mwanafunzi wa marehemu. Akacheka, akidhani ni utani wa wazee, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba Mama Hawa hakuwahi kusoma hata herufi moja, ya Kiarabu wala ya Kizungu, na kazi yake ya maisha ilikuwa sambusa. Hawa mwenyewe, binti wa marehemu, aliyekuwa karibu, akamwambia yule msichana, “Mupe ya ndugu,” nami nikapewa wali mwingi na mfupa mmoja, nikala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha nikarudi nyumbani kwangu Nyakabiga kwa miguu, nikipita mbele ya magaraje yanayonuka mafuta ya injini, na njia nzima nilikuwa na miaka kumi na minane.

Habari za ukoo wetu naziruka. Zilisimuliwa vya kutosha na watu ambao haziwahusu. Kinachohitajika ni hiki tu: baba yangu alikuwa akisoma albadiri. Asiyejua albadiri nitamweleza kama nilivyoijua mimi, kutoka nyuma ya pazia. Mtu ameibiwa, hana ushahidi na hana pa kushtaki. Anakwenda kwa msomaji. Watu wanakaa kwenye mkeka, ubani unachomwa, yanasomwa majina ya mashujaa waliopigana pamoja na Mtume kule Badri, kisha anatajwa anayeshukiwa, na wote wanaitikia amin. Mwizi, ilisemwa, atavimba tumbo mpaka arudishe mali au afe. Masheikh walikuwa wakisema hiyo siyo dini, ni ushirikina uliovalishwa kanzu, na nadhani walisema kweli, ingawa mmoja wao nilimwona kwa macho yangu akija kwetu alipoibiwa baiskeli. Mtaani hakuna aliyemwita baba kwa jina lake. Walimwita Musomaji, kwa lafudhi yetu ya Bujumbura, na kwa ajili yake neno kusoma likaharibika katika vichochoro vyetu. Kwingine ukisema fulani amesomewa, watu wanafikiri mgonjwa kaombewa dua. Kwetu walinyamaza, wakatazamana, na mwenye mtoto akamwita mtoto wake ndani.

Rajabu, mume wa Mama Hawa, alikuwa fundi wa magari. Kabureta ilipotea katika garaje alimofanya kazi, mwenye garaje akamshuku yeye, akaja kwetu. Nakumbuka alasiri ile kwa sababu mama alikuwa akichambua mchele, na sauti za amin zilipoanza aliacha kuchambua, akaufunika ungo kwa kanga, akakaa tu. Wiki chache baadaye Rajabu akavimba miguu, kisha tumbo, akafa. Mtaa mzima ukasema, si mnaona. Alizikwa haraka na watu wachache, bila hitima wala kisomo cha aina yoyote. Halafu miezi ikapita, mwenye garaje akabomoa kibanda chake ili ajenge kikubwa, na ile kabureta ikakutwa chini ya matambara ndani ya sanduku lake mwenyewe la vyuma chakavu. Hapo mtaa ukageuza shingo. Albadiri, kila mtu anajua, ikisomwa juu ya asiye na kosa humrudia aliyeisoma, na ikimalizana naye huingia kwa watoto wake. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu zamani. Kidonda cha mguu kikakataa kupona, naye akafa. Leo naamini Rajabu aliuawa na figo. Mama Hawa mwenyewe aliniambia baadaye kwamba ile miguu ilikuwa ikivimba kabla hata kabureta haijapotea. Lakini katika umri ule sikujua habari za figo wala za sukari. Nilijua habari za Mungu, na niliambiwa kwamba Mungu huyo anatutafuta sisi.

Mwaka ninaousimulia ulianza hapo, baada ya arobaini ya baba, katika nyumba yetu ya vyumba viwili ambamo mama alikuwa ameamua kwamba dawa ni kunyamaza. Chetezo alikitupa. Mkeka wa wageni aliukunja akauweka juu ya dari. Redio ilipofika saa ya mawaidha aliizima, si kwa kuchukia, kwa tahadhari. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaangwa na nyanya mpaka wakauma ulimi kwa chumvi, na kabla ya kula mama alisema bismillahi kwa ndani ya midomo, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatuswali tena pamoja kama zamani. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: “Tunyamaze, Sakina. Mungu iko na watu mingi. Labda atatusahau.” Nikisimulia hivi siku hizi watu hucheka, na mimi hucheka nao, lakini mama hakuwa akitania hata kidogo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo liliniuma kuliko yote. Kwetu jina la mtu aliyekufa halitajwi hivihivi, linafuatwa na Mungu amrehemu, hata kama marehemu alikuwa mlevi au mgomvi. Jina la baba halikufuatwa na kitu. Majirani walisema Musomaji, wakakaza mdomo. Na sisi nyumbani tulisema yule.

Siwezi kusema nilikuwa mtu wa dini. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, niliyependa viatu na kusuka nywele, na nilikuwa nimeanza kutazamwa na vijana wa magaraje, ingawa walitazama kwa mbali kwa sababu ya jina la nyumbani. Sikutafuta pepo wala elimu. Nilitaka kujua jambo moja, kama ni kweli Mungu ananichukia. Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Asubuhi adhana ilipopigwa nilihisi moyo unataka kutoka kwenda, na mwili unajifunika shuka. Mtu akiniuliza leo imani ni nini, mimi ambaye nimefundisha wanawake wengi kusoma msahafu, hufikiria shuka lile kabla ya kufikiria kitu kingine.

Nilianza kumtafuta Mungu mbali na nyumbani, maana niliona aibu kumtafuta karibu. Nilikuwa na rafiki wa shule, Goreti, Mkatoliki wa Nyakabiga, ambaye mama yake alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya baraka na maharage ya baraka, aliyoyapika na ndizi na mawese mpaka mtu anaona haya kwa jinsi alivyokula. Jumapili kadhaa nilikwenda nao kanisani. Niliipenda kwaya, nilipenda ngoma, nilipenda kuona watu wanamwimbia Mungu kwa Kirundi kwa sauti kubwa namna ile bila kuogopa kwamba atasikia. Nilikaa nyuma, kitambaa changu kichwani, na hakuna aliyeniuliza neno. Nikaanza kuwaza kwamba labda nitahamia huku, labda huku hawana habari zangu. Kisha ikaja Jumapili ya sikukuu, na padre akapita katikati ya watu akitikisa chombo cha minyororo, na moshi ukanifikia. Ulikuwa ubani uleule. Nilisikia amin za chumbani kwetu zikitoka ndani ya kwaya ile nzuri, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mama yake Goreti alinifuata, na ni yeye mtu wa kwanza niliyemweleza yote. Alisikiliza, akanifunga vizuri kitambaa changu, akasema Kirundi: “Imana ntirenganya.” Mungu haonei mtu. Wao wanawaita watoto wao jina hilo, ni neno la kila siku, lakini mimi nilirudi nalo nyumbani likinichoma. Kama haonei mtu, basi Rajabu je? Na kama hakuwa yeye aliyemuua Rajabu, basi nani ametutia sisi hofu hii? Niliona kwamba swali langu haliko Nyakabiga. Liko Buyenzi, ndani ya kitabu ambacho baba alikisoma maisha yake yote na hakunifundisha hata ukurasa mmoja, kwa sababu wasichana, alisema, watasomewa na waume zao. Nikaamua nitakisoma mwenyewe nione kilichomo.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mtaani aliyefundisha watoto na akina mama, Mwalimu Zena, mwembamba, mkali, aliyekuwa na tabia ya kutafuna karafuu anapofikiri. Nilimkuta ukumbini kwake akishona ukingo wa kanga. Nilipomwambia nimekuja kuomba kusoma, sindano ilisimama. Nilijua anachofikiria. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na huyu anataka meno. Nikamwambia palepale kwamba sitaki alichokuwa nacho baba. Alitafuna karafuu yake muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo siku hiyo niliyaona ya kikatili, na leo nikiwa mwalimu ninayaona ya haki. “Mi sina neno na we, mwanangu. Lakini iko mama mumoja hapa mutaani, siku atasikia nimefundisha mutoto wa Musomaji kusoma, atalala namna gani? Nenda kwa Mama Hawa. Akisema usome, nitakusomesha. Akikataa, mi sitafungua kitabu.” Nilimuuliza kama mwanamke asiyejua kusoma ndiye wa kuamua nani asome. Alinijibu kwamba ndiyo, katika jambo hili ndiye, na akaendelea kushona.

Mama alipojua nakwenda wapi alisema ninakwenda kumwonyesha yule mwanamke uso gani. Nikamwambia ninao mmoja tu. Nilikwenda mchana, Ramadhani ikiwa imeingia siku hizo, kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila jani. Mama Hawa alikuwa akikaa uani, nyuma ya mstari wa magaraje, katika chumba kimoja chenye kibaraza cha mabati, na pale kibarazani ndipo alipokuwa akitengeneza sambusa za futari. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Nilitarajia bibi, nikakuta mwanamke ambaye labda alinizidi miaka kumi, mwenye mgongo mpana, mtoto Hawa amefungwa mgongoni analala mdomo wazi. Nilipiga hodi, nikajitaja, binti wa fulani, na hata pale sikusema jina, nikasema binti wa Musomaji. Aliendelea kusukuma unga. Nikamweleza alichosema Mwalimu Zena. Aliendelea kusukuma unga. Nikafikiri labda hasikii vizuri, nikaanza tena upya, na hapo akasema, “Nimesikia mara ya kwanza. Nawa mikono, ukate vitunguu.” Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikanawa, nikakata vitunguu, nikalia machozi ya vitunguu, na hayo mengine yakapata mahali pa kujificha. Jua lilipoelekea kuzama alinipa sambusa za kupeleka kwa mama nimfuturishe. Kuhusu kusoma hakusema kitu.

Kesho yake nilirudi, na keshokutwa. Ramadhani yote ile nikawa mtu wa kibarazani kwa Mama Hawa. Alinifundisha kukunja sambusa, kwanza pembe moja, kisha ya pili, kisha kuziba kwa uji wa unga ili mafuta yasiingie, na kwa siku nyingi sambusa zangu zilifumuka kwenye karai, akazitenga pembeni, akasema hizi ni za watu wasio na macho. Wateja wake walikuwa mafundi, mikono myeusi, wamefunga na wamechoka, na nilisikia mengi kwa sababu mtu mwenye njaa huongea bila kuangalia nani yupo. Siku za kwanza waliponiona walinong’ona. Mmoja alinunua, akatoka, nikamsikia nyuma ya mabati akimuuliza mwenzake kama ni salama kula kitu kilichoguswa na mkono ule, na mwenzake akamjibu kwamba kama Mama Hawa anakula, yeye ni nani asile. Wakala. Baada ya wiki mbili wakaanza kunitania, kwamba nimekuja kutafuta bwana kwa njia ya tumbo, na nikawajibu kwa mdomo wangu niliopewa na Mungu, na Mama Hawa akaniambia nipunguze maneno, mafuta yanasikia. Kila siku ya Ijumaa nilipita kwa Mwalimu Zena. Amesemaje? Hajasema. Basi ngoja. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na Mama Hawa pia, siku nyingine nilifikiri ananitumikisha tu, anajilipa kwa mikono yangu, na kwamba ana haki hiyo. Lakini nilikuwa nimeanza kuipenda sauti ya mafuta, na ule ukimya wa dakika ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, tende mkononi, mtoto Hawa akizunguka magotini kwetu, sisi wawili tumekaa juu ya mbao, hakuna anayemwogopa mwenzake. Nilikuwa sijakaa hivyo na mtu tangu baba afe.

Ilikuwa siku za mwisho za mfungo. Tulikuwa tumemaliza kukunja, mafuta bado hayajapata moto. Mama Hawa alifuta mikono kwenye kanga, akanitazama sawasawa usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema, “Sakina, mi nataka unisomee mutu.”

Asiyekulia Buyenzi hawezi kujua maneno hayo yalinifanyia nini. Nilijua mara moja ni nani. Ni mwenye garaje, ambaye alikuwa hai, mnene, anapita na gari lake mbele ya kibaraza kile kila siku na kutazama upande wa pili. Nikaona yote ni mpango mmoja: kwa nini aliniweka, kwa nini alininyamazia, kwa nini alinilisha. Alikuwa akimngoja binti wa Musomaji apate mazoea, ili amwombe kazi ya baba yake. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningeomba hilohilo. Nilisimama, nikasema, “Apana, mama. Mi siwezi kumusomea mutu. Hata kama hautaniruhusu kusoma, basi nisisome. Hata yule wa garaje, mi siwezi.”

Mama Hawa alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. Kisha akaelewa, akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake. “Yule? Yule Mungu anamujua, si kazi yako. Mi nasema bwana yangu. Baba Hawa. Tangu afe hakuna mutu alimusomea.” Akaongea kidogokidogo, akichochea makaa, na mengi nayakumbuka kwa maana tu, si kwa maneno. Kwamba Rajabu alipozikwa watu waliogopa kumsomea, maana ni nani anayemsomea mwizi. Kwamba alimngoja angalau mmoja wao abadilike. Kwamba kabureta ilipoonekana alijua sasa hawatakuja kabisa, kwa sababu wameona haya, na haya ni mbaya kuliko woga. Mwenye woga anaweza kujikaza akaja, mwenye haya hawezi. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Anajua alhamdu tu, ile sura fupi ya mwanzo, amemsomea hiyo kila siku, lakini anaona haitoshi, mtu mzima hawezi kulishwa chakula kimoja. Nikamuuliza kwa nini asimwombe Mwalimu Zena. Akatikisa kichwa. “Ile neno mubaya ilitoka kwenu. Nyumba ileile ndo nataka imutolee neno muzuri. Nyingine apana.” Mafuta yakaanza kulia. Akatia sambusa ya kwanza. “Basi nenda usome. Lakini soma mbio, ju mi nimengoja sana.”

Nililia, na siku hiyo vitunguu vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimetafuta ishara kwamba Mungu hanichukii, nikiitafuta kwenye ndoto, kwenye kwaya, kwenye adhana, na ilikuwa imekuja kwa sura ya mwanamke mwenye unga mikononi ananihimiza nifanye haraka. Hata sasa, katika umri huu, nikisikia wasomi wakibishana redioni juu ya rehema za Mungu huwa naona hawajui pa kuanzia.

Baada ya Idi niliingia kwa Mwalimu Zena. Aliniweka pamoja na watoto, hakunionea huruma. Nilikaa kwenye mkeka magoti yakinigusa kidevu, katikati ya vitoto visivyo na meno ya mbele, tukiimba alifu, be, te, na vitoto hivyo vikanisahihisha kwa furaha kubwa. Ulimi wangu mzito ulikataa herufi za kooni. Mwalimu Zena aliniambia ninasoma kama mtu anayemeza mfupa wa mukeke, samaki wetu wa ziwani. Mama, nyumbani, hakusema ndiyo wala hapana. Siku moja nilirudi nikakuta ameushusha mkeka kutoka darini, ameupiga vumbi, ameutandika chumbani kwangu. Asubuhi shule, jioni chuo cha Mwalimu Zena, na nikitoka chuo nilipita kwa Mama Hawa kusaidia, akiniuliza nimefika wapi, nikimwambia jina la sura, na yeye akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa gari limefika mji fulani. Nilitaka kumsomea mapema sura fupifupi. Alikataa. Alitaka Yasini, maana alisikia wafu wa wengine wakisomewa hiyo.

Niliisoma kabla ya Ramadhani nyingine kuingia, chumbani kwake, alasiri. Alikuwa amefagia, amemwogesha mtoto, amevaa kanga mpya na kukaa ukutani miguu ameikunja. Hakumwalika mtu. Mwalimu Zena alikuwa amenifundisha namna: ukitaka thawabu za kisomo zimfikie maiti, unamtaja kwanza kwa jina lake na la baba yake. Nikamtaja Rajabu mwana wa Juma, kwa sauti, katika chumba chake mwenyewe, nikaanza. Nilisoma vibaya. Nilikwama, nikarudia, nikaruka mstari, nikarudi kuutafuta, na mara moja mtoto Hawa alikuja kushika ukurasa ikabidi tumpe kijiko achezee. Mama Hawa hakusogea. Alifumba macho tangu mwanzo, na katikati machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika, akayaacha yaende. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho. Mama Hawa alifumbua macho. Kisha akainuka, akanichotea maji mtungini.

“Kunywa,” akasema. “Halafu umusomee na baba yako.”

Nikamwambia nimechoka, nitamsomea nyumbani. Haikuwa kweli, nyumbani nisingeweza, na alilijua hilo. “Apana,” akasema. “Hapa.” Nikanywa maji. Nikafungua msahafu tena, nikafika pale pa kutaja jina, nikafumbua mdomo, na jina halikutoka. Tangu azikwe sikuwa nimelitaja mbele ya Mungu hata mara moja, niliogopa kumkumbusha. Nilijaribu mara ya pili, ikawa hivyohivyo. Mama Hawa alingoja, akimpangusa mtoto pua kwa ncha ya kanga. Alipoona siwezi akalitaja yeye, taratibu, jina la baba yangu na la babu yangu ambaye hakuwahi kumwona, bila kukosea, kama mtu aliyekuwa nalo moyoni siku nyingi.

“Abedi mwana wa Salumu,” akasema. “Mungu amurehemu. Haya, soma.”